Tumebadilisha Kompyuta, Tumeisahau Seva

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya bure ya Windows 10, ofisi nyingi zimekuwa katika pilikapilika za kununua kompyuta. Mwenye biashara anaambiwa mashine zake ni za zamani, hazikubali Windows 11, azitoe. Anatafuta fedha, anabadilisha nane au kumi, na ile yenye nguvu kuliko zote anapewa mhasibu. Ndani yake inafunguliwa folda moja ya pamoja, kila mfanyakazi anaifikia, na kuanzia siku hiyo mashine hiyo inaitwa seva. Hapo ndipo jambo zima lilipoeleweka vibaya. Kilichozeeka katika biashara nyingi ni pale pahali pa pamoja panapokaa kazi ya wote, na pahali hapo hapaponi kwa kununuliwa kompyuta yenye kasi. Msimamo wangu ni kwamba biashara yenye kompyuta tano au zaidi zinazogusa mafaili yaleyale itafaidika zaidi ikiweka mfumo endeshi wa seva, yaani programu kuu iliyotengenezwa kuhudumia kompyuta nyingine, kwenye mashine moja ya wastani kuliko ikibadilisha kompyuta zote kwa mkupuo. Faida hiyo haitokani na kasi. Inatokana na kuyatoa maswali manne kichwani mwa mtu mmoja na kuyakabidhi kwa mfumo: nani anaingia, anaona nini, jana kilibadilika nini, na kikipotea kinarudije.

Tuanze na fedha, maana ndizo zinazosemwa sana. Microsoft haikufunga mlango kabisa. Kampuni isiyo tayari kubadilisha mashine inaweza kununua masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa miaka mitatu: dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu, na anayejiunga mwaka wa pili hulipia na wa kwanza. Kwa ofisi ya mashine 12, mwaka wa kwanza ni dola 732. Ukienda miaka yote mitatu umetoa 5,124, na mwishoni bado unabaki na mashine zilezile. Leseni ya Windows Server 2025 Standard kwa viini 16 vya prosesa, kwa bei ya orodha, ni kama dola 1,176, na juu yake kuna leseni za watumiaji, moja kwa kila mtu au kila kifaa, ambazo wengi huzisahau mpaka siku ya ukaguzi. Ubuntu Server na Debian, mifumo endeshi ya familia ya Linux, hazina ada ya leseni kabisa. Kwa hesabu hizo, njia ya busara ni kununua mwaka mmoja wa kupumua kwa mashine zinazofanya kazi vizuri, kuisimamisha seva kwanza, kisha kubadilisha kompyuta kwa mafungu, ukianza na ile inayotumika kwa benki na kodi. Sisemi mashine zisizo na masasisho ziachwe hivyohivyo. Seva haimkingi mfanyakazi anayefungua kiambatisho kibaya kwenye Windows iliyoachwa wazi. Nasema mpangilio wa hatua umepinduliwa.

Mfumo endeshi wa seva si mnyama wa msitu mwingine. Windows Server 2016 na Windows 10 zimejengwa juu ya msingi wa programu wa ukoo mmoja. Ubuntu ya mezani na Ubuntu Server ni vivyo hivyo. Tofauti iko kwenye kazi iliyokusudiwa. Mfumo wa mezani umetengenezwa kumhudumia mtu mmoja aliyeketi mbele ya kioo: unalala akiondoka, unajiwasha upya kwa ajili ya masasisho, na leseni ya Windows 11 Pro inaruhusu vifaa vingine visivyozidi 20 kuchota mafaili yake. Mfumo wa seva umetengenezwa kuwahudumia watu wasiouona: haulali, unashika orodha moja ya watumiaji kwa jengo zima, unaweka kumbukumbu ya walioingia, na unapata masasisho ya usalama kwa miaka inayojulikana tangu mwanzo. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kila moja lina miaka mitano ya kawaida. Windows Server kwa desturi imekuwa na miaka kumi.

Miaka hiyo huisha, na ndiyo sehemu ambayo mjadala wa Windows 10 umeifunika. Windows Server 2012 iliishiwa masasisho tarehe 10 Oktoba 2023, na hata masasisho yake ya kulipia yana kikomo cha 13 Oktoba 2026. Windows Server 2016 inafikia mwisho 12 Januari 2027. Upande wa Linux si salama kwa sababu tu ni bure: mnamo Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, mfumo wa bure wa Linux ambao watu walitarajia kuitumia hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021, na CentOS 7 ikafuata tarehe 30 Juni 2024. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kuziba pengo hilo, na ziko imara. Lakini mashine nyingi za CentOS zingali zikiunguruma kwenye makabati ya ofisi bila mtu kuzigusa, kwa kuwa aliyeziweka alishaondoka. Mwenye biashara aliyehangaika na Windows 10 na hajui seva yake ina toleo gani amefunga dirisha na kuacha mlango.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba Windows ya kawaida yenye folda ya pamoja inatosha, na seva ni gharama ya wakubwa. Tuichukue kwa uzito. Chukua duka la vipuri lenye kompyuta 12 na wafanyakazi kumi. Bila seva, akaunti zinakaa ndani ya kila mashine peke yake. Ukitaka kila mfanyakazi aweze kuketi kwenye mashine yoyote kwa jina lake, unahitaji kutengeneza akaunti 120 na kuzitunza zote. Hakuna anayefanya hivyo, kwa hiyo wote wanatumia jina moja na nenosiri moja lililobandikwa ukutani. Karani akiacha kazi Ijumaa, Jumatatu bado anaingia, kwa sababu kubadilisha nenosiri hilo ni kuwasumbua tisa waliobaki. Bei ikibadilishwa kwenye jedwali la bidhaa, mfumo unaonyesha kuwa aliyebadilisha ni lile jina la wote. Kwenye seva, akaunti hutengenezwa mara moja na mashine zote huitambua. Karani akiondoka inazimwa kwa sekunde chache, na mlango umefungwa kwenye kompyuta zote 12. Folda ya mishahara inafunguliwa kwa kikundi cha uhasibu tu. Watu wa kaunta hawaambiwi wasiifungue, haiwafungukii.

Na kuna jambo la kurudisha kilichopotea. Windows Server ikiwashiwa nakala za nyakati kwenye diski ya mafaili, kwa mpangilio wake wa kawaida huchukua nakala saa moja asubuhi na saa sita mchana kila siku ya kazi, na inaweza kushika hadi nakala 64 kwa diski. Mtu akifuta jedwali la hesabu saa nane, anabofya folda kwa kitufe cha kulia, anachagua matoleo ya awali, anarudisha la saa sita. Hakuna fundi aliyeitwa. Linux inafanya kazi hiyohiyo kwa ZFS au Btrfs, mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski, na Samba, programu inayoifanya Linux izungumze lugha ya mafaili ya Windows, huzipeleka nakala hizo kwenye dirisha lilelile analolijua mfanyakazi. Tangu Samba 4.0 ilipotoka Desemba 2012, Linux inaweza hata kushika orodha ya watumiaji wa Windows kama domeni kamili, yaani mtandao wa ofisi unaotambua watumiaji kwa orodha moja. Kompyuta ya mhasibu iliyobatizwa jina la seva haitoi hayo kwa ofisi nzima. Na mhasibu akiizima saa kumi na moja kwenda nyumbani, kaunta ya jioni inabaki bila hesabu.

Wapo wanaosema biashara ndogo haina cha kuibwa. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya mashine katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo, kwa kupitia kasoro ya mfumo wa zamani wa kushirikisha mafaili wa Windows. Sasisho la kuziba kasoro hiyo lilikuwa limetolewa 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kirusi hakikuuliza ukubwa wa mtaji. Kilienda kila mashine iliyokuwa haijasasishwa na mlango wake wazi. Seva yenye ratiba ya masasisho, hata iwe moja, inapunguza hatari hiyo kuliko mashine 12 ambazo kila mtumiaji anabofya “nikumbushe baadaye”.

Hoja ya wingu, kwamba kila kitu kikae kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti, ni nzito zaidi, na mwenye kuipuuza hajafanya hesabu. Kwa barua pepe jibu ni wingu, bila mjadala. Kuendesha seva yako ya barua leo ni kununua ugomvi wa kila siku na vichujio vya barua taka. Kwa ofisi ya watu wanne wanaoandika nyaraka na kupanga mikutano, wingu linatosha kabisa. Mambo hubadilika kazi inapokuwa na mafaili makubwa, au inapobidi kaunta iuze hata intaneti ikikatika. Kiwanda cha uchapishaji chenye gigabaiti 500 za michoro, kikiwa na mwendo wa kupandisha wa megabiti 10 kwa sekunde, kitahitaji saa 111, yaani siku nne na nusu na zaidi, kuipandisha yote mara moja. Kazi hiyo kwenye waya wa gigabiti ndani ya jengo ni saa moja na dakika chache. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Duka ambalo bei na stoo yake vilikuwa kwenye wingu peke yake lilisubiri. Lenye seva ya ndani liliuza na kutunza kumbukumbu, likapeleka nakala nje mtandao uliporudi. Anayeliona wingu na seva kama wapinzani anasahau pia kwamba wingu lenyewe limejaa mifumo endeshi ya seva. Ukikodi mashine pepe huko, ni wewe unayedaiwa masasisho yake, si mwenye jengo.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya mtu: nani ataitunza? Seva isiyo na mtunzaji ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inakusanya mayai yote kwenye kikapu kimoja na kumpa kila mtu imani ya uongo. Kwa biashara isiyo na fundi hata wa saa chache kwa mwezi, kisanduku cha mafaili cha kununua kikiwa tayari, kama vile vya Synology au QNAP, ni chaguo la heshima. Ndani yake kuna Linux ileile, ila vitufe vimepangwa na mtu mwingine. Unapoteza uwezo wa kuendesha programu ya mauzo ya Windows juu yake, lakini unapata watumiaji, ruhusa na nakala za nyakati. Ningemshauri mwenye duka la kompyuta sita asione aibu kuishia hapo.

Anayeamua kujenga asianze na kununua mtambo mkubwa. Kwa watu 10 hadi 20, prosesa ya viini vinne hadi vinane, memori ya gigabaiti 16 hadi 32 ya aina ya ECC inayosahihisha makosa yake madogo, diski mbili za SSD za mfumo zinazoakisiana na diski mbili kubwa za mafaili zinazoakisiana, vinatosha. Fedha iliyobaki iende kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme, yenye waya wa kuongea na seva. Waya huo ndio watu huuacha kwenye boksi. UPS bila waya huipa seva dakika kumi za ziada na kisha kuiua palepale umeme ungeiua. Yenye waya huiambia ijizime kwa utaratibu betri ikishuka. Hifadhidata iliyokatwa katikati ya kuandika ndiyo chanzo cha zile asubuhi ambazo programu ya mauzo inakataa kufunguka. Seva ipate anwani isiyobadilika, iunganishwe kwa waya wala si Wi-Fi, na ikae chumba chenye kufuli, kwa kuwa anayeweza kuibeba ameshapita ruhusa zote ulizoweka.

Makosa yanayorudiwa yanajulikana, na karibu yote si ya mashine. La kwanza ni DNS, huduma inayotafsiri majina ya mashine kuwa anwani: kompyuta za wafanyakazi zikielekezwa 8.8.8.8 ya Google badala ya seva, intaneti inafanya kazi ila domeni haionekani, na fundi anapoteza siku nzima akiilaumu swichi. La pili ni saa. Domeni hukataa kumtambua mtumiaji ikiwa saa ya mashine yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika tano, na kompyuta ya zamani yenye betri ya CR2032 iliyokufa huamka kila asubuhi ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Betri hiyo ni ya bei ya soda. Kisha kuna imani kwamba diski zinazoakisiana ni bakapu. Hapana: kirusi kikifunga faili kwenye diski ya kwanza, ya pili inafungwa sekunde hiyohiyo. Bakapu ni nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo, na ile ya nje iwe imefichwa kwa nenosiri na kuchomolewa, kwa sababu diski ya nje iliyoachwa kwenye seva wiki nzima itafungwa pamoja na wenzake.

Kosa ambalo limezigharimu biashara kuliko yote ni kufungua mlango namba 3389, ule wa kuiendesha Windows kutoka mbali, kwenye rauta ili bosi aingie seva kutoka nyumbani. Mlango huo hupigwa hodi na mashine za kubahatisha manenosiri mchana na usiku, na nenosiri lenye jina la duka na mwaka halidumu. Weka VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kutoka nje, WireGuard kwa mfano, ambayo haichukui nusu siku kuisimamisha, na mlango huo uwe ndani yake. Pia ieleweke kwamba Windows Server inaruhusu vikao viwili vya mbali kwa ajili ya utunzaji; wafanyakazi wakitaka kufanyia kazi juu yake kuna leseni nyingine, na mfumo hutoa siku 120 za neema kisha unafunga. Toleo la majaribio nalo ni la siku 180, na likiisha seva hujizima kila baada ya saa moja. Ofisi ngapi zimeita fundi wa umeme kwa tatizo hilo! Wengine hutatua kwa programu za kuvunja leseni, yaani wanachukua mashine inayoshika manenosiri ya kampuni nzima na kuendesha juu yake, kwa mamlaka yote, programu ya mtu wasiyemjua. Kama leseni haipatikani, Debian ipo, na ni halali.

Sheria nazo zimebadilisha maana ya haya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ya Kenya ipo tangu 2019. Kenya inamtaka anayetunza taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji wenye madhara. Zahanati, shule au duka la mkopo lenye jina moja la wote litaandika nini katika taarifa hiyo? Haliwezi kusema nani alifungua faili, lini, wala mangapi. Seva iliyowashiwa kumbukumbu za ufikiaji wa mafaili, na kumbukumbu hizo zikahifadhiwa kwa miezi badala ya siku mbili, inaweza. Katika Windows Server na katika Samba ukaguzi huo haujiwashi wenyewe. Unawekwa kwa mkono, kwenye folda zenye taarifa za watu tu, la sivyo utajaza diski kwa mambo yasiyo na maana.

Mwenye biashara hahitaji kujifunza amri hata moja ili kulisimamia jambo hili, ila kuna vitu viwili asimwachie fundi. Nenosiri la juu kabisa la seva liandikwe, litiwe kwenye bahasha yenye sahihi, liwekwe kwenye kasha la fedha, na libadilishwe kila fundi anapobadilika. Na kila robo mwaka, Jumamosi moja, achague mwenyewe faili la mwezi uliopita na aombe lirudishwe kutoka diski iliyo nje ya jengo, kwenye mashine nyingine, yeye akiwa ameketi hapo na saa mkononi. Fundi akisema diski hiyo iko kwake nyumbani ataileta Jumatatu, au programu ya bakapu inaonyesha alama ya kijani lakini folda ni tupu, afadhali ijulikane Jumamosi hiyo, maduka yakiwa bado wazi na diski mpya ikiweza kununuliwa jioni ileile.